Kuhama Windows 10 au Kubaki: Namna ya Kuamua

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015 na ikatunzwa kwa zaidi ya miaka kumi, hadi tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuitolea masasisho ya bure. Kesho yake kompyuta zilizokuwa nayo ziliwaka kama kawaida, programu zikafunguka, printa zikachapa. Ndiyo maana wengi hawakuona sababu ya kufanya lolote. Wengine, kwa hofu ya matangazo yaliyokuwa yakijitokeza kwenye skrini, walikimbilia kubadilisha bila kujua kompyuta zao zinaweza kubeba nini. Uamuzi huu una mpangilio wake. Kwanza huulizwa kama mfumo uliopo bado unatunzwa na aliyeutengeneza. Kisha huulizwa kama kompyuta yenyewe inaweza kuubeba mfumo mpya bila kulazimishwa, na kama programu na vifaa vya kazi vitaendelea kufanya kazi baada ya kuhama. Swali ambalo watu hulitanguliza, yaani kama mfumo mpya unapendeza kuliko wa zamani, lina uzito mdogo kuliko yote.

Hatari ya mfumo usiotunzwa

Mfumo endeshi haukamiliki siku unapouzwa. Ndani yake mna makosa ambayo bado hayajagunduliwa, na baadhi yake ni matundu ambayo mhalifu anaweza kupitia akaiba faili, akasoma manenosiri au akaifunga kompyuta nzima na kudai pesa ili aifungue. Kwa Windows, viraka vya kuziba matundu hayo hutolewa kila Jumanne ya pili ya mwezi. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba kiraka chenyewe humpa mhalifu somo: hulinganisha faili ya kabla na ya baada, akaona ni wapi palipozibwa. Windows 10 na Windows 11 zina msimbo mwingi wa pamoja, kwa hiyo tundu linalozibwa leo kwenye 11 mara nyingi limo pia kwenye 10, na katika 10 isiyopokea masasisho litabaki wazi siku zote. Hatari haikuja kwa mkupuo siku huduma ilipokoma. Inaongezeka mwezi baada ya mwezi, kimyakimya, na mwenye kompyuta hana dalili ya kuiona.

Shambulio la WannaCry la Mei 2017 linafaa kukumbukwa hapa, kwa sababu mbili. Lilienea katika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache na kuzikwamisha hospitali za umma za Uingereza, ilhali kiraka cha kuzuia tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Windows XP, ambayo huduma yake ilikoma Aprili 2014, haikuwa imepata kiraka hicho, na Microsoft ililazimika kuitolea kimoja cha dharura. Lakini kompyuta nyingi zaidi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikitunzwa. Wenyewe hawakuwa wamesakinisha sasisho. Kwa hiyo anayehamia Windows 11 kisha akazima masasisho ili kuokoa bando amejisumbua bure. Yuko palepale na aliyebaki kwenye mfumo uliokwisha. Programu ya kuzuia virusi nayo inasaidia, lakini haiwezi kuziba tundu lililo ndani ya mfumo wenyewe.

Baada ya usalama, hufuata programu kuukimbia mfumo wa zamani. Huduma ya Windows 7 ilikoma Januari 2020, na mapema mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kikaacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake, kikaishia toleo la 109. Tovuti za benki na za serikali huanza kukataa vivinjari vya zamani muda si mrefu baada ya hapo. Windows 10 itafuata njia hiyo, ingawa si mara moja: programu za Microsoft 365 zimeahidiwa masasisho ya usalama juu yake hadi Oktoba 2028. Hapa kuna jambo ambalo ofisi nyingi hulisahau. Office 2016 na Office 2019 zilikoma siku ileile na Windows 10. Anayebadilisha Windows na kuacha Office ya zamani, huku akifungua kila siku hati zinazotumwa na watu asiowajua, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Uzito wa haya yote hautoshani kwa kila kompyuta. Ile inayoendesha mashine ya karakana, haijaunganishwa na intaneti na haichomekwi flashi za watu, inaweza kubaki na Windows 10 kwa miaka bila hasara kubwa. Kompyuta ya stationery inayopokea flashi na barua pepe za kila mteja ni habari nyingine kabisa. Zahanati yenye majalada ya wagonjwa, SACCOS yenye akaunti za wanachama, shule yenye taarifa za watoto, hizi zina wajibu wa kisheria juu ya taarifa za watu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwao, kuendesha mfumo usiotunzwa ni jambo gumu kulitetea taarifa zikivuja.

Kununua muda

Asiyeweza kuhama sasa ana mpango wa masasisho ya usalama ya ziada, unaojulikana kwa kifupi ESU. Kwa mtu binafsi mpango uliotangazwa unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiunga hufanyika ndani ya sehemu ya Windows Update kwenye mipangilio, kwa kutumia akaunti ya Microsoft, na kompyuta iwe na Windows 10 toleo la 22H2. Mtu anaweza kulipa dola 30 za Marekani, au asilipe kitu akikubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Kwa kampuni bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na huongezeka mara mbili kila mwaka, hadi mwaka wa tatu: 61, 122, 244. Jumla ni dola 427. Fedha hizo hununua laptopu iliyotumika yenye uwezo wa kubeba Windows 11, na chenji ikabaki; kampuni ndogo inayofikiria kulipia miaka yote mitatu inatupa fedha. Shule na vyuo vimepewa bei tofauti sana, dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu, na kwa chumba cha kompyuta cha shule hii huenda ndiyo njia yenye nafuu kuliko zote.

ESU huleta viraka vya usalama peke yake. Haileti uwezo mpya wala kurekebisha hitilafu za kawaida. Ni njia ya kupata nafasi ya kupanga bajeti.

Je, kompyuta inaweza?

Masharti ya Windows 11 ambayo kwa kawaida hayamkwamishi mtu ni RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Yanayokwamisha ni matatu: prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na uwezo wa kuwaka kwa UEFI wenye Secure Boot. Njia ya haraka ya kujua ni programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo husema sharti gani limetimia na lipi halijatimia. Bila hiyo, mtu hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika tpm.msc, na dirisha litakalofunguka lina mstari unaotaja toleo la TPM. Akiandika msinfo32 ataona kama kompyuta inawaka kwa UEFI au kwa njia ya zamani, na kama Secure Boot imewashwa au imezimwa.

Matokeo ya kukataliwa hayapaswi kupokelewa kabla ya kuyachunguza. Kompyuta nyingi zina TPM iliyozimwa tu kwenye BIOS, ambako kwa Intel huandikwa PTT na kwa AMD fTPM. Fundi huiwasha kwa dakika mbili. Tahadhari ni moja: kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa kuifungulia uandikwe kwanza mahali salama nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu kugusa mipangilio hiyo kunaweza kuifanya kompyuta iudai ufunguo itakapowaka. Asiyekuwa nao anaweza kupoteza kila kitu kilichomo.

Prosesa haina dawa ya namna hiyo. Kwa Intel, kikomo ni kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa prosesa chache mno. Kwa AMD ni mfululizo wa Ryzen 2000, ingawa si zote za mfululizo huo zimo. Kizazi cha Intel husomwa kwenye namba yenyewe. Katika i5-6300U tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 6, basi ni kizazi cha 6. Katika i5-8250U ni cha 8. Namba ikianza na 1, husomwa tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha 10, i5-1135G7 ni cha 11.

Somo hili dogo lina faida kubwa kwa Afrika Mashariki, ambako laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi ni za kazi zilizotumika kwanza maofisini Ulaya na Marekani. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa sokoni kwa sababu ni imara na bei yake ni nafuu, ina prosesa ya kizazi cha 6. Haikubaliki. G4 ina kizazi cha 7, nayo haikubaliki. G5 ndiyo inayoanza kukubalika, na vivyo hivyo Lenovo ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490. Hata hivyo jina la modeli halitoshi. Modeli hizo tatu ziliwahi kutengenezwa pia kwa prosesa za kizazi cha 7, na kwa nje hakuna tofauti. Mnunuzi mwangalifu haangalii kibandiko, kwa kuwa kibandiko hubadilishwa. Huiwasha kompyuta, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za mfumo, akasoma namba ya prosesa mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Tena asidanganyike na TPM: laptopu nyingi za kizazi cha 6 zina TPM 2.0 safi kabisa na bado hazimo kwenye orodha.

Muuzaji atasema, na kweli anasema, kwamba G3 ile tayari ina Windows 11. Inawezekana. Ziko njia za kuruka ukaguzi wakati wa kusakinisha, na mafundi wengi wanazijua. Tatizo ni la baadaye. Microsoft haiwajibiki kuzipa kompyuta hizo masasisho. Kwa vitendo viraka vya kila mwezi vimekuwa vikifika, lakini toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe, ni lazima lilazimishwe upya kwa mkono. Kuanzia toleo la 24H2, prosesa zisizo na amri fulani za msingi, kama zile za zama za Core 2 Duo, haziwaki kabisa. Kwa kompyuta ya mwanafunzi au ya nyumbani, yenye nakala ya faili zote mahali pengine, njia hii inaweza kuvumilika. Kwa kompyuta ya duka, ya zahanati au ya mhasibu haifai, maana siku itakapokwama hakuna wa kuulizwa.

Kompyuta polepole si hoja ya kubadilisha mfumo

Sababu inayotajwa mara nyingi kuliko zote za kutaka mfumo mpya ni kwamba kompyuta imekuwa nzito. Katika hali nyingi tiba hiyo haihusiani na ugonjwa. Ukaguzi wake hauhitaji fundi. Kompyuta ikishawaka, hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha huangaliwa sehemu ya utendaji, ambako diski, RAM na prosesa huonyeshwa kila moja na asilimia yake. Ikiwa dakika tano baada ya kuwaka diski bado inasoma asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini ya 20, na pembeni ya diski pameandikwa HDD, jibu limepatikana. Diski hiyo ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta faili huku na kule, na Windows ya leo huomba maelfu ya vifaili vidogovidogo kwa wakati mmoja. Kuitoa na kuweka SSD ya GB 240 au 256 hubadilisha kompyuta kuliko toleo lolote la Windows litakavyoweza kufanya. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka inaweza kuchukua chini ya nusu dakika.

Ikiwa kinachofika juu ni RAM, na kompyuta ina GB 4, basi kuongeza hadi 8 ndiko kunakostahili fedha. Windows 11 husakinishwa kwenye GB 4, lakini kivinjari chenye vichupo sita, WhatsApp na faili moja ya Excel hutosha kuijaza. GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kufanyia kazi kwa amani, na 16 kwa anayehariri picha au video.

Kuna pia upande wa pili. Windows 11 iliyosakinishwa upya huwasha ulinzi wa ziada wa kumbukumbu ambao hugharimu kasi kidogo, na kwenye prosesa za zamani gharama hiyo huonekana. Anayehama akitarajia wepesi huenda akakuta kinyume. Na uwezo wa akili mnemba unaotangazwa zaidi, kama Recall, unahitaji kompyuta za daraja la Copilot+ zenye chipu maalumu na RAM isiyopungua GB 16. EliteBook G5 haitaupata hata ikipewa Windows 11 iliyo halali kabisa.

Programu, vifaa na leseni

Kabla ya kugusa chochote, huandikwa kwenye karatasi kila kitu ambacho kompyuta hufanya kwa wiki moja: programu ya mahesabu, mfumo wa risiti za kodi, faili za Excel zenye makro, printa kubwa, printa ndogo ya risiti, kisoma alama za vidole, skana. Kazi hii inachosha na ndiyo inayookoa. Programu nyingi za Windows 10 hufanya kazi kwenye 11 bila shida. Vinavyosumbua ni vifaa vya zamani ambavyo mtengenezaji wake ameacha kuviandalia viendeshi, na hasa pale Windows 10 iliyopo ni ya biti 32, kwa sababu Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Aliye na biti 32 hawezi kupandisha juu kwa juu. Lazima mfumo usakinishwe upya, na kila kiendeshi kitafutwe upya. Ikiwa printa ya risiti haina kiendeshi cha biti 64 kwenye tovuti ya mtengenezaji, duka litasimama Jumatatu asubuhi. Ni bora kulijua hilo Alhamisi.

Leseni nayo inataka macho. Kuhama kutoka Windows 10 halali kwenda 11 ni bure, hakuna wa kulipwa kwa leseni. Kompyuta ya kazi iliyoletwa kutoka nje mara nyingi ina leseni yake ya Pro ndani ya ubao mama tangu kiwandani. Anayeiandaa kwa kuuza huipiga Windows ya Enterprise iliyochakachuliwa, kwa sababu ndiyo aliyo nayo kwenye flashi, na leseni halali iliyolipiwa inabaki imelala bila kutumika. Ikisakinishwa Pro na kuunganishwa na intaneti, mara nyingi hujithibitisha yenyewe. Programu za kuvunja leseni, kwa upande mwingine, huomba kuzimiwa kinga ya virusi kabla ya kufanya kazi, na hapo ndipo virusi vingi huingia. Kuhama mfumo kwa ajili ya usalama kwa kutumia kifaa cha namna hiyo ni kujipinga mwenyewe.

Njia nyingine mbali na Windows 11

Kompyuta nzuri iliyokataliwa na Windows 11 haijawa taka. Linux Mint 22, inayotunzwa hadi mwaka 2029, huendeshwa vizuri kwenye EliteBook G3 yenye GB 8 na SSD, na sura yake haimpotezi aliyezoea Windows. Inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: kompyuta huwashwa kwa flashi, mtu akapima Wi-Fi, sauti, printa na skrini, kisha akaizima na kurudi kwenye Windows yake kama ilivyokuwa. Kwa chumba cha intaneti, maktaba, darasa la kompyuta, au mtu ambaye kazi zake zote ziko ndani ya kivinjari, huu ni uamuzi mzuri na unaostahili kuzingatiwa mapema zaidi kuliko inavyofanyika. LibreOffice hufungua hati za Word, ingawa barua yenye majedwali na nembo inaweza kuhama mistari. Asiyefaa kwenda huko ni yule ambaye riziki yake iko ndani ya Excel yenye makro, QuickBooks ya kusakinishwa, au programu za Adobe.

Kwa wenye Mac uamuzi ni mwepesi zaidi, kwa kuwa kompyuta yenyewe husema kama inakubaliwa. Linalofaa kujulikana ni kwamba macOS 26, Tahoe, ya mwaka 2025, ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa ya Intel. Anayenunua Mac iliyotumika atafute yenye chipu ya M1 au ya baada yake.

Kuhama kwenyewe

Mwenye kompyuta inayokubalika, inayogusa intaneti kila siku, na ambaye vifaa vyake vimeonekana kuwa na viendeshi, ahame. Hakuna faida ya kusubiri. Aliye katikati ya kufunga mahesabu ya mwezi, kusahihisha mitihani au kuandika tasnifu asubiri kazi iishe, hata kama ni wiki tatu. Ofisi yenye kompyuta kumi ihamishe moja kwanza, ya mtu anayetumia programu nyingi, na iiache ifanye kazi wiki mbili kabla ya kuzigusa nyingine. Na Windows Update ikisema kompyuta bado haijawa tayari ilhali masharti yote yametimia, kwa kawaida Microsoft imeizuia kwa sababu ya hitilafu inayojulikana kwenye kiendeshi fulani. Kizuizi hicho kisilazimishwe.

Nakala ya faili huwekwa kwenye diski ya nje, kisha faili tatu au nne hufunguliwa kutoka kwenye diski hiyo kwa kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ni nakala. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yakumbukwe pia, pamoja na picha zilizoachwa kwenye eneo-kazi na faili za programu ya mahesabu, ambazo mara nyingi ziko kwenye folda ambayo mtumiaji hajawahi kuifungua.

Faili la kusakinishia lina ukubwa unaozidi GB 5. Kwa anayetumia bando la simu huo ni mzigo, na kwa ofisi yenye kompyuta nyingi, kila moja kulipakua peke yake ni hasara tupu. Media Creation Tool ya Microsoft huliweka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, ikifuta kilichokuwemo, na flashi hiyo moja huhudumia kompyuta zote. Hapa fundi aelezwe wazi anachotakiwa kufanya. Flashi ikichomekwa wakati Windows 10 inaendesha, na faili la setup likafunguliwa kutoka ndani yake, mfumo hupanda na faili na programu hubaki. Kompyuta ikiwashwa kutoka kwenye flashi, hiyo ni kupiga Windows upya, na kilichokuwa kwenye diski huondoka. Mafundi wengi wamezoea njia ya pili kwa sababu huacha kompyuta safi, na si vibaya, ilimradi mwenye faili amekubali akijua.

Diski iwe na nafasi ya wazi ya GB 20 au zaidi. Laptopu ichomekwe kwenye chaji na betri iwe imejaa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya usakinishaji mfumo unaweza kukataa kuwaka. Kazi huchukua kati ya saa moja na saa tatu kwa kutegemea diski, na kompyuta hujizima na kujiwasha mara kadhaa.

Baada ya hapo kuna siku 10 za kurudi nyuma. Windows 10 nzima imehifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na sehemu ya urejeshaji kwenye mipangilio ina kitufe cha kuirudisha. Siku hizo zitumike kujaribu kila kilichoandikwa kwenye ile karatasi: kuchapa risiti, kuskani, kutuma faili ya kodi, kufungua mahesabu ya mwaka jana. Asifute folda hiyo kwa ajili ya kupata nafasi kabla ya jaribio kuisha. Siku ya kumi na moja mlango umefungwa, na kurudi nyuma kutamaanisha kusakinisha upya.

Kuhama hakumalizi kazi. Kila toleo la Windows 11 la Home na Pro hutunzwa kwa miezi 24 tu: 24H2 inakoma tarehe 13 Oktoba 2026, na anayebaki nayo baada ya siku hiyo yuko katika hali ileile ya mwenye Windows 10. Toleo lililopo hujulikana kwa kuandika winver kwenye ile sehemu ya kitufe cha Windows na R. Wenye bando la kupima waiambie Windows kwamba muunganisho ni wa kulipia kwa kiasi, kisha mara moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ya pili, waiunganishe na Wi-Fi isiyopimwa na kuruhusu masasisho yote yashuke kwa mkupuo.

Kompyuta ya zamani inayouzwa au kutolewa baada ya kununua nyingine itolewe ikiwa tupu. Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi. Programu za bure huzirudisha kwa dakika chache. Windows 10 ina chaguo la kurejesha kompyuta katika hali ya kiwandani, na ndani yake kuna chaguo la kusafisha diski, ambalo kwa HDD linaweza kuchukua saa nyingi. Lichaguliwe hilo, liachwe usiku kucha likifanya kazi, na akaunti ya Microsoft, ya Google na ya WhatsApp zitolewe kwenye kifaa hicho kabla hakijaondoka.